Kura ya Biskuti

Raewyn Cudby ndiye aliyewafundisha wenzake kuandika namba, na katika hilo hakuna mwingine wa kusingiziwa. Alikuwa karani wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na mmoja, mtu wa fomu, mtu wa jaza hapa na tia sahihi pale. Alipostaafu akahamia fleti za wazee za Kilbride, namba tano, fomu zikamfuata hukohuko. Mwenye barua ya pensheni asiyoielewa alibisha namba tano. Mwenye ugomvi na kampuni ya umeme, namba tano. Hata Beryl Tapsell wa namba kumi na mbili, mama ambaye hajapata kukubali jambo bila kulibishia kwanza, alikuwa haweki sahihi mpaka Raewyn amwonyeshe kwa kidole.

Fleti zilikuwa ishirini, safu mbili za matofali yaliyofubaa kusini mwa Port Rennick, pale upepo unapoingia kutoka baharini bila kupiga hodi. Baraza la jiji lilizijenga zamani kwa ajili ya wazee wasio na kitu. Sasa baraza hilohilo lilitaka kuziuza, zivunjwe, yajengwe maduka na maegesho ya magari. Madiwani wanne walitaka kuuza na wanne hawakutaka. Wa tisa alikuwa Grant Pocock wa Kata ya Kusini, dalali wa nyumba mwenye tabasamu la kwenye bango, na huyo alikwisha kutamka mbele ya watu kwamba akirudishwa barazani, fleti zitauzwa. Shauri likaahirishwa mpaka uchaguzi wa Oktoba upite. Kwa hiyo wazee wa Kilbride walikuwa wanajua mwezi ambao wangeambiwa wabaki au wafungashe, na walikuwa wanaungoja kama watu wanavyongoja majibu ya hospitali.

Aliyekuwa na la kupoteza kuliko wote alikuwa Merv Hoskin wa namba sita, jirani wa ukuta mmoja na Raewyn. Alikuwa na miaka themanini na minne, mchinjaji wa kiwanda cha nyama mpaka kiwanda kilipofungwa, na macho yake yalikuwa yamekufa katikati yakabaki kingoni. Ukisimama mbele yake alikuwa haoni uso wako, anaona masikio. Lakini aliishi peke yake, anajipikia, anajifulia, kwa sababu alikuwa amehesabu kila kitu. Hatua saba kutoka kitandani hadi chooni. Nne hadi jikoni. Ishirini na tatu kutoka mlangoni hadi getini, na kumi na moja zaidi hadi kwenye kiti cha kungojea basi. Mama wa ustawi wa jamii alimweleza bila kuzunguka: akitoka Kilbride hakuna fleti nyingine, ni nyumba ya kulelea wazee, basi.

Kila asubuhi saa tatu Raewyn aliingia namba sita na gazeti. Merv alichemsha chai, Raewyn akasoma. Utaratibu ulikuwa uleule: waliokufa kwanza, kisha raga, kisha mambo ya baraza, na Merv akitukana taratibu kila jina la diwani lilipotajwa.

"Niambie ukweli, Raewyn," Merv alimwuliza asubuhi moja ya Juni, mvua inapiga dirisha. "Huyu Pocock alipitaje safari iliyopita? Mimi sijakutana na mtu aliyempa kura."

"Walimpa theluthi moja tu. Theluthi mbili hawakumtaka."

"Sasa?"

"Sasa hao theluthi mbili waligawana. Wengine kwa Ailsa Muirhead, wengine kwa yule mwalimu, wengine kwa yule wa mbwa. Pocock akapita katikati yao."

"Upuuzi mtupu."

"Ndiyo utaratibu wetu. Unaweka alama ya vema kwa mtu mmoja, mwenye vema nyingi anachukua."

Upuuzi huo ndio uliomtoa Raewyn nyumbani. Alisoma mahali kwamba miji mingine wanaandika namba: moja kwa unayemtaka hasa, mbili kwa unayemtaka huyo akishindwa, na kuendelea. Wa mwisho akitolewa, kura zake zinahamia kwa namba mbili zake, mpaka apatikane mtu aliyekubaliwa na zaidi ya nusu. Akasoma pia kwamba wananchi wakitia sahihi za kutosha, baraza halina ujanja, lazima liwaulize watu wote wa jiji. Basi majira ya baridi yote alisimama mlangoni pa duka kubwa la chakula, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi, akikusanya sahihi. Zikatosha. Bahasha za Oktoba zikawa na mambo mawili ndani: karatasi ya kumchagua diwani, na karatasi ya kura ya maoni iliyouliza kama kuanzia uchaguzi ujao, miaka mitatu mbele, jiji liache vema lishike namba.

Naomba hapo pashikwe vizuri, kwa maana Raewyn mwenyewe aliyajua hayo vizuri kuliko mtu yeyote Port Rennick. Kuanzia uchaguzi ujao. Huu wa sasa ulikuwa bado wa vema.

Jumanne ya kwanza ya Septemba aliwaita wote kwenye ukumbi mdogo wa Kilbride, wenye hita moja na viti vya plastiki. Alitaka waelewe namba ili waipigie kura ya ndiyo. Mezani alipanga sahani nne za biskuti: za tangawizi, za shayiri na asali, za siagi, na zile nyeusi za kakao zenye lozi juu. Kila mtu akapewa kikaratasi.

"Hizi ndizo wagombea," alisema. "Andika moja kwa uipendayo kuliko zote, mbili kwa inayofuata, mpaka nne."

"Na ile nisiyoipenda kabisa?" Beryl aliuliza.

"Ipe nne."

"Sitaki kuipa kitu chochote."

"Basi iache, Beryl. Ni biskuti, haitakasirika."

Merv alizionja kwanza, kwa kuwa hakuziona, akachukua muda mrefu hata wakaanza kumzomea kwamba anakula kampeni. Kisha wakahesabu. Tangawizi ikaongoza kwa kura nane. Siagi ikawa ya mwisho, ikatolewa, Raewyn akaigawa kwa watu wakaila, kura zake zikahamia. Kakao ikafuata. Mwisho shayiri na asali ikaibuka na kura kumi na nne, tangawizi ikabaki na tisa.

"Ngoja," Beryl alisema. "Tangawizi ilikuwa inaongoza na imeshindwa? Na huo si wizi?"

"Si wizi. Wengi wetu hatuwezi kuitafuna tangawizi, meno hatuna. Hii ya shayiri kila mtu anaweza kuishi nayo."

"Mimi meno ninayo."

"Unayo kwenye glasi, mwenzangu," Merv alisema, na ukumbi mzima ukacheka, Beryl naye. Walirudia mchezo ule Jumanne iliyofuata, na ile ya tatu, kwa kuwa walipenda, na kwa kuwa palikuwa na biskuti. Watu ishirini na watatu, wenye miaka sabini hadi tisini, wakawa mabingwa wa kuandika namba. Raewyn aliwatazama akajisikia vizuri sana, na mimi simlaumu kwa hilo, ni vizuri kuona unaeleweka.

Bahasha zilifika kwa posta siku ya Alhamisi. Raewyn yeye alikuwa anatoka mbio kwenda mitaa ya mlimani kugawa vipeperushi, maana huko ndiko kulikokuwa na watu wasiotaka namba. Bahasha yake aliitupa juu ya friji bila kuifungua. Alikuwa anafunga vifungo vya koti la mvua nje ya mlango wake pale Merv alipofungua dirisha.

"Raewyn. Karatasi zimefika. Utanisomea?"

"Jioni, Merv. Nimechelewa." Kisha, akiwa ameshapiga hatua mbili, akageuka. "Au fanya tu kama tulivyofanya kwenye biskuti. Unajua wewe."

"Najua," Merv alisema, akaridhika, akafunga dirisha.

Alichukua kioo chake cha kukuzia, akakaa kwenye meza ya jikoni, akayatafuta majina moja moja kwa kingo za macho. Ilimchukua asubuhi nzima. Alipofunga bahasha alikuwa na furaha ya mtu aliyemaliza kazi ya maana bila kushikwa mkono. Wengine Kilbride walifanya hivyohivyo siku hiyohiyo, kwa sababu mzee akipokea barua ya serikali hailazi. Kesho yake Raewyn akapita mlango kwa mlango akikusanya bahasha zilizofungwa, akazitia kwenye mfuko wake wa sokoni, akaenda nazo kwenye lile sanduku la rangi ya chungwa lililowekwa dukani, akazitumbukiza moja moja. Zilikuwa kumi na tisa.

Jumapili ndipo alipopata nafasi ya kukaa. Akaishusha bahasha yake kutoka juu ya friji, akavaa miwani, akaanza kusoma maelekezo kutoka juu, kama alivyosoma fomu zote maishani mwake. WEKA ALAMA YA VEMA MBELE YA JINA LA MGOMBEA MMOJA TU. KARATASI YENYE ALAMA KWA ZAIDI YA MGOMBEA MMOJA HAITAHESABIWA.

Akasoma tena. Akaiangalia karatasi ya pili, ile ya kura ya maoni, nayo ilitaka vema moja. Akatoka bila koti akaingia namba sita.

"Merv, karatasi yako uliijazaje?"

"Kama ulivyosema. Ailsa moja. Yule binti wa njia za baiskeli, mbili. Mvuvi, tatu. Pocock nikampa nne, na hiyo nne nimeikandamiza karibu nitoboe meza."

"Na ile nyingine?"

"Namba nikazipa moja, vema nikazipa mbili. Wanatuuliza kuhusu namba, nikawajibu kwa namba." Alikuwa anatabasamu kuelekea sikio la Raewyn. "Nimekosea?"

Hapo ndipo pa kusema. Raewyn alilijua hilo wakati uleule na amelijua kila siku tangu hapo. Lakini mzee alikuwa anatabasamu, chai ilikuwa mezani, na yeye alikuwa hajawahi kumjazia mtu fomu ikarudishwa.

"Uko sawa," alisema. "Vizuri sana."

Jumatatu saa mbili na nusu alikuwa kwenye ofisi ya uchaguzi. Msimamizi alikuwa Lachlan Ferrier, mtu mpole mwenye sweta la kusukwa na mkono, aliyewahi kuwa mwanafunzi katika shule ya Raewyn. Alimletea kiti.

"Mtu akiwa amekosea karatasi yake, naweza kumpa nyingine," alisema. "Akiwa bado anayo."

"Na kama ameshaitia sandukuni?"

"Ikishaingia sandukuni ni kura, Bi Cudby. Siwezi kuitoa. Ningeitoa hiyo ningeweza kutoa yoyote."

"Lakini mtu akiandika moja, mbili, tatu, nne, si unaona anamtaka nani?"

"Mimi naona. Sheria inaona watu wanne wamewekewa alama. Mmoja akiandika nne ana maana ya nafasi ya nne, mwingine ana maana amempa alama nne kwa kumi. Nikianza kukisia, nitaishia wapi?" Akamtazama. "Ni watu wangapi?"

"Mmoja wawili," Raewyn alisema.

Alirudi Kilbride akagonga milango minne ya wale ambao hawakuwa wamejaza, akasimama hapo mpaka kila mmoja akaweka vema yake. Kwa hiyo ziliokolewa nne. Alipotoka kwenye mlango wa nne akamkuta Beryl amesimama na ndoo ya nguo.

"Naona unawaambia vema."

"Hii ya sasa ni vema, Beryl. Namba ni ya uchaguzi ujao."

"Sisi tuliandika namba."

"Najua."

"Ulitufundisha namba Jumanne tatu mfululizo."

"Watawaelewa," Raewyn alisema. "Nimetoka ofisini kwao sasa hivi. Zenu ziko sawa."

Beryl akaenda kuanika. Mtu aliyebishia kila kitu maisha yake yote, siku ile hakubisha.

Upigaji kura ulifungwa Jumamosi ya pili ya Oktoba saa sita mchana. Saa tisa walikuwa wote ukumbini, mikate ya jibini ya kukunja ikitoka jikoni moto, Raewyn na simu yake mkononi. Matokeo ya kura ya maoni ndiyo yaliyotangulia. Namba, elfu tisa mia mbili na kumi na nne. Vema, elfu sita na thelathini. Ukumbi ukashangilia kwa fimbo kugongwa sakafuni. Mtu akamvika Raewyn shada la karatasi. Merv akainua kikombe chake kuelekea upande ambao alidhani Raewyn yupo.

"Kwa karani wetu," alisema. "Amelibadilisha jiji zima."

Kisha simu ikaleta Kata ya Kusini. Pocock, elfu moja mia tatu themanini na nane. Muirhead, elfu moja mia tatu sabini na saba. Raewyn akasoma kwa sauti ileile anayosomea waliokufa.

"Kumi na moja," mtu akasema nyuma. "Tumekosa kumi na moja tu?"

Hakuna aliyegusa mikate tena. Watu wakaanza kulaumu wa mlimani, na watoto wao waliohamia ng'ambo, na wale wanaoiacha bahasha mezani mpaka inamwagikiwa chai. Raewyn alisimama katikati yao na shada kichwani. Kumi na tisa kutoa kumi na moja ni nane. Alifanya hesabu hiyo mara nyingi mno, na kila mara jibu lilikuwa kwamba Ailsa ameshinda.

Jumatatu mpiga picha wa gazeti alikuja. Picha ikatoka ukurasa wa kwanza, Raewyn ameshika keki yenye namba moja iliyoandikwa kwa sukari. Alimsomea Merv hiyo habari yote, kwa kuwa alimwomba.

Ailsa Muirhead alipeleka malalamiko kwa hakimu. Hakimu akazitazama karatasi zote za kata kwa siku mbili, kisha akaandika kwamba matokeo yanabaki. Gazeti likaandika ukurasa wa tatu, asubuhi ya Alhamisi. Raewyn aliisoma kwanza peke yake, amesimama nje, kati ya mlango wake na wa Merv. Karatasi kumi na tisa, liliandika, zilikataliwa kwa kuwa wapiga kura waliweka namba kwa wagombea wote, kwa mwandiko uliotetemeka. Kumi na nane kati yake zilimpa Bi Muirhead moja. Hakimu alisema anasikitika, lakini sheria haimruhusu kusoma nia.

Akaingia namba sita. Chai ilikuwa tayari.

"Waliokufa," Merv alisema.

Akawasoma waliokufa. Akasoma raga. Akageuza ukurasa wa kwanza, wa pili, akaupita wa tatu.

"Baraza?"

"Leo hakuna cha baraza," Raewyn alisema. "Kuna habari ya hali ya hewa. Theluji inaweza kurudi milimani."

"Soma hiyo basi."

Akaisoma. Merv akasikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akasuuza vikombe.

Mchana huo Beryl alikuja namba tano na gazeti limekunjwa kwapani. Hakuketi.

"Ulisema watatuelewa."

"Nilisema."

"Ulikuwa unajua."

"Nilijua tangu Jumapili ile. Beryl, mlikuwa mmeshatuma. Kungesaidia nini?"

"Kungesaidia mimi nisidanganywe. Kwa umri huu kimebaki kipi kingine cha kuniachia?" Hakuwa anapaza sauti, na Raewyn angeona afadhali kama angepaza. "Merv anajua?"

"Bado."

"Mwambie. Usipomwambia wewe nitamwambia mimi. Ana haki ya kujua kura yake ilikwenda wapi."

Raewyn aliahidi. Aliahidi kwa dhati, na kila asubuhi saa tatu aliingia akiwa amepanga maneno, na kila asubuhi Merv alisema "waliokufa", akaanza na hao, na maneno yakabaki ndani. Desemba baraza lilipiga kura tano kwa nne. Notisi zikaja kwa posta. Wazee wakaja namba tano kusomewa, wengine, si wote. Beryl alijisomea kwake.

Juni iliyofuata gari likamjia Merv. Alikataa kushikwa mkono. Alifunga mlango, akarudisha ufunguo kwa mtu wa baraza, akatembea kuelekea getini huku midomo inacheza. Ishirini na tatu. Akashika geti, akasimama kidogo, Raewyn yuko nyuma yake.

"Basi," alisema, akapanda.

Nyumba ya kulelea wazee ilikuwa safi, na hicho ndicho kizuri chake. Ilikuwa na korido ndefu ya zulia, milango ishirini na minane inayofanana, na vitanda vya magurudumu vilivyoachwa leo hapa kesho pale, kwa hiyo hesabu zilikuwa hazikai. Mara mbili Merv aliingia chumba cha mama mmoja akidhani ni choo. Mama yule akapiga kelele. Baada ya mara ya pili wakaweka kengele chini ya kiti chake, akiinuka inalia, anakuja mtu. Kwa hiyo akaacha kuinuka. Mwaka wa kwanza ulipokwisha miguu ilikuwa imesahau, na ule ukingo wa macho nao ukafunga.

Raewyn alikuwa amepata chumba nyuma ya gereji ya mpwa wake, upande wa pili wa jiji, mabasi mawili. Alikwenda kila Jumatano na gazeti. Alipita Kilbride akiwa kwenye basi. Fleti zilivunjwa ndani ya wiki mbili, kisha yule wa kujenga maduka akabadili mawazo, na hadi leo ni uwanja mtupu wenye uzio na matope.

Miaka mitatu ikafika. Bahasha zikatumwa, safari hii na namba. Ailsa Muirhead alikuwa amehamia kwa binti yake, hakugombea tena. Pocock alikuwa anagombea umeya. Jumatano hiyo Raewyn alimkuta Merv kwenye kiti chake kando ya hita, blanketi magotini.

"Zimefika?" Merv aliuliza.

"Zimefika. Ninayo yako hapa."

"Ifungue."

Akaifungua.

"Sasa nisomee maelekezo. Yote, tangu juu. Safari ile hukunisomea."

Mkono wa Raewyn ukatulia juu ya karatasi. Kwenye korido mtu alikuwa anasukuma toroli la chai.

"Beryl alikwambia."

"Wiki ileile. Ijumaa." Merv alikuwa ameelekeza uso dirishani, ambako hakukuwa na chochote kwake. "Nikasema, ngoja, kesho Raewyn ataniambia mwenyewe. Ukaja, ukasoma waliokufa. Nikasema kesho. Nilikungoja mpaka siku ya gari, Raewyn. Nilikungoja getini pale."

"Merv, nilitaka..."

"Soma."

Akasoma. Hakuruka neno. Andika namba 1 kwenye kisanduku kilicho mbele ya mgombea unayempenda zaidi. Andika namba 2 mbele ya anayefuata. Endelea hivyo kwa kadiri upendavyo. Merv alisikiliza kwa makini, kama alivyosikiliza hali ya hewa.

"Kama biskuti," alisema.

"Kama biskuti," Raewyn alisema, na machozi yalikuwa yanamtoka, na alishukuru kwamba hayaonekani, kisha akaona aibu kwa kushukuru.

Akamsomea majina. Merv akayapanga yote sita, hakuharakisha, Pocock akampa sita. Raewyn akaandika kila namba katikati ya kisanduku chake, akaipuliza wino ukauka.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza. Nikusomee?"

"Nisomee."

Akamsomea, jina na namba, jina na namba, mpaka sita.

"Vizuri," Merv alisema. Akaupapasa mkono wa kiti mpaka akaupata, akaushika. "Sasa kamwite yule dada wa zamu. Aje aisome na yeye."

Raewyn akaiweka karatasi juu ya blanketi, akainuka, akatoka koridoni kumwita.